Nimefika Waamuzi 19 Nikafunga Biblia: Je, Niendelee?

Msomaji mmoja wa Umoja, hapa Nairobi, ameniandikia hivi:

"Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, na mwaka huu ni mara yangu ya tatu kujaribu kuisoma Biblia yote kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo. Mara mbili za kwanza nilikwama katika Mambo ya Walawi. Safari hii nilivuka, nikavumilia vita vya Yoshua, kisha nikafika Waamuzi sura ya 19. Nilikuwa ndani ya matatu asubuhi, Barabara ya Jogoo. Niliifunga Biblia na sijaifungua kwa majuma matatu. Nilipowaeleza wenzangu wa kikundi cha maombi, waliniambia nirukie Zaburi, na mmoja akasema huenda ninasoma bila Roho. Je, kasoro iko kwangu au iko katika kitabu? Na je, niendelee, au nirudi kwenye Injili niliyoizoea?"

Amina, dada yangu. Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi: endelea. Ila usiendelee kutoka pale ulipoachia, wala kwa mwendo uliokuwa nao, wala peke yako. Ama kuhusu kasoro, nimefundisha Agano la Kale kwa zaidi ya miaka 20, na wanafunzi walionitia wasiwasi si wale waliofika sura hiyo wakafunga kitabu. Ni wale walioisoma mpaka mwisho, wakaweka alama ya penseli pembeni, wakaingia sura ya 20 kana kwamba wametoka kusoma bei za nyanya. Ninaijua tabia hiyo kwa sababu nilikuwa nayo.

Mara ya kwanza kuimaliza Biblia nilikuwa kijana, na nilisoma kwa hesabu. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, yaani 929 za Agano la Kale na 260 za Agano Jipya, na mtu akisoma sura 3 kila siku na sura 5 kila Jumapili, anamaliza ndani ya mwaka akiwa na siku mbili tatu za akiba. (Ndugu zetu Wakatoliki wana vitabu 73, kwa hiyo safari yao ni ndefu zaidi.) Nilimaliza tarehe 31 Desemba, usiku, nikajiona shujaa. Juma lililofuata mtu aliniuliza Hosea alihubiri nini, nami sikuwa na la kusema zaidi ya kwamba alioa mwanamke mzinzi. Nilikuwa nimepita katika kitabu kile kama abiria wa basi la usiku la Mombasa anavyopita Voi.

Hesabu ile si mbaya, maana inamwamsha mvivu, lakini inamzoeza msomaji kuamini kwamba sura zote zina uzito mmoja na kwamba kusimama ni kushindwa. Tena sura hizo hazikuwekwa na waandishi wenyewe. Mgawanyo tunaoutumia unahusishwa na Stephen Langton, aliyefundisha Paris kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya zilitoka kwa mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Kwa karne nyingi kabla yao, na hata baada yao, waumini wengi hawakuisoma Biblia bali waliisikia, wakiwa wengi, ikisomwa na mtu mwenye sauti. Katika Nehemia 8 Ezra anasoma tangu mapambazuko hadi adhuhuri, Walawi wanawafafanulia watu maana, na watu wanalia. Msomaji wa garini ninayemkumbuka ni yule towashi Mwethiopia wa Matendo ya Mitume 8, na yeye Filipo alipomwuliza kama anaelewa, alikiri wazi kwamba hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza, akamwomba apande, wakaketi pamoja. (Tafsiri yetu ya zamani inasema alikuwa akisoma "chuo cha nabii Isaya", na nimewahi kuulizwa kwa dhati kabisa chuo hicho kilikuwa mji gani.) Kwa hiyo ulipokwama kwenye matatu, ulikuwa katika hali ileile aliyokuwa nayo yule towashi, ila hakuna Filipo aliyepanda.

Kuhusu Walawi nitasema machache, kwa kuwa umekwisha kuvuka. Nilikichukia kitabu hicho mpaka nilipokumbuka jinsi babu yangu alivyokuwa akigawa nyama mbuzi anapochinjwa: kipande hiki cha wazee, hiki cha wajomba, hiki cha kina mama, na ole wake atakayebadilisha. Nilipoisoma tena Walawi 7, ambapo kidari na paja la kulia vinatengwa kwa ajili ya kuhani, sikuona tena orodha ya kuchosha. Niliona watu wanaoamini kwamba hata namna ya kugawana nyama ni jambo la mbele za Mungu. Mila ya kale ya Kiyahudi iliwaanzisha watoto kusoma kwa kitabu hichohicho tunachokikimbia. Tena Walawi 12 inasema mwanamke aliyejifungua, kama hana uwezo wa kutoa mwanakondoo, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Asiyeisoma sura hiyo hupita Luka 2:24 bila kugundua kwamba Mariamu alileta sadaka ya maskini.

Hapo ndipo ninapoona faida ya kuisoma Biblia yote, na ndiyo hoja yangu kwako: vitabu vyake vinasemezana, vinakumbushana, na mara nyingine vinabishana, na mazungumzo hayo hayasikiki kwa mtu anayekaa katika sura anazozipenda tu. Sasa tuje Gibea.

Kwa wasomaji ambao hawajafika huko: Mlawi mmoja anamfuata suria wake aliyerudi kwa baba yake Bethlehemu. Wakiwa njiani kurudi wanalala Gibea, mji wa Wabenyamini. Usiku watu wa mji wanaizingira nyumba, mwanamke anatolewa nje, anabakwa usiku kucha, na mwisho mwili wake unakatwa vipande 12 vinavyopelekwa katika mipaka yote ya Israeli. Hakuna malaika anayetokea, na Mungu hasemi neno hata moja katika sura hiyo.

Wengi wetu hudhani kwamba tukio likishaandikwa katika Biblia, basi Biblia imelikubali. Angalia, hata hivyo, jinsi mwandishi anavyolisimulia. Anatuambia mwanzoni kwamba Mlawi alisafiri ili aseme na mwanamke yule kwa upole, lakini katika sura yote maneno pekee tunayomsikia akimwambia ni kwamba ainuke waende zao, nayo anayasema asubuhi, akiwa amemkuta ameanguka mlangoni na mikono yake iko kizingitini. Habari hiyo ya mikono haikuwa ya lazima. Mwandishi ameiweka ili uione, na wewe uliiona, ndiyo maana ukafunga kitabu. Katika sura ya 20 Mlawi anatoa ushahidi mbele ya makabila yote, anasema kwamba watu wa Gibea walitaka kumwua yeye, na anaacha kutaja kwamba mwanamke alitolewa nje kwa mikono ya watu wa ndani. Mwandishi hamkatizi. Anamwacha msomaji aliyetoka kuisoma sura ya 19 awe ndiye anayejua ushahidi huo umepunguzwa wapi.

Kisha upo mstari wa 30, wa mwisho katika sura, ambapo watu walioona yaliyotendeka wanahimizana walitafakari jambo hilo, wafanye shauri, na waseme. Wenzako walikushauri uruke, na ninajua walikushauri kwa upendo, lakini sura yenyewe inaagiza kinyume chake. Ulipowapelekea swali lako ulikuwa unatii mstari ambao pengine hukuufikia.

Si ajabu kwamba hawakujua la kukujibu. Makanisa mengi yanayofuata kalenda ya pamoja ya masomo ya Jumapili iliyotolewa mwaka 1992 husoma kitabu cha Waamuzi mara moja tu katika mzunguko wote wa miaka 3, nayo ni mistari 7 ya mwanzo wa sura ya 4, habari ya Debora. Mkristo anaweza kuhudhuria ibada tangu ubatizo hadi mazishi yake asiisikie Gibea ikisomwa madhabahuni hata siku moja. Binafsi naliona hilo kuwa kosa. Januari 2024 wanawake walijaa katika barabara za katikati ya Nairobi wakipinga mauaji ya wanawake, na Jumapili iliyofuata nilitamani sana kumsikia mhubiri akiifungua Waamuzi 19 na kusema kwamba Maandiko yaliliona jambo hili kabla yetu na hayakulifunika.

Hata mimi niliyeifundisha sura hiyo sikuwa nimeiona vizuri. Mama yangu hakupata kwenda shule, na katika miaka yake ya mwisho nilikuwa nikimsomea Biblia jioni, kwa mfululizo, sura baada ya sura, kwa sababu alikataa nimchagulie. Tulipofika huko nilijaribu kuruka, akajua, kwa sababu masikio ya mtu asiyesoma hayadanganyiki kirahisi. Nikasoma. Nilipomaliza alikaa kimya, kisha akauliza, "Aliitwa nani?" Nikatazama ukurasa. Nilikuwa nimeisoma sura ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nimesahihisha mitihani juu yake, na sikuwa nimewahi kujiuliza swali hilo. Hana jina. Mlawi naye hana jina, wala mzee aliyewakaribisha, lakini mama aliuliza la mwanamke, nami tangu siku ile kila ninapoifundisha sura hiyo ninaanza na swali lake.

Swali hilo lilinirudisha kukisoma kitabu chote kwa mkao mmoja, kazi ya saa mbili hivi kwa kuwa kina sura 21 tu. Jaribu nawe, ukiwafuatilia wanawake. Katika sura ya 1 Aksa, binti Kalebu, anamwendea baba yake, anadai chemchemi za maji, naye anapewa. Katika sura ya 4 na ya 5 Debora anaamua Israeli, anaamuru jeshi, anaimba. Katika sura ya 11 binti Yeftha hana jina, lakini bado anasema, na anapata miezi miwili ya kuulilia ubikira wake milimani pamoja na wenzake. Ukifika sura ya 19, mwanamke hana jina wala hasemi neno lolote. Katika sura ya 21 mabikira 400 wa Yabesh-gileadi wanachukuliwa kwa nguvu, na wengine wananyakuliwa Shilo wakiwa wanacheza ngoma, ili Wabenyamini wapate wake. Mwandishi anapofunga kitabu kwa kusema kwamba "kila mtu alifanya yaliyokuwa ni mema machoni pake mwenyewe", hatoi sifa. Anatoa hukumu, na ushahidi wake ni kile kilichowapata wanawake sura hadi sura. Katika mpangilio wa Biblia ya Kiebrania kitabu hiki kimewekwa miongoni mwa vitabu vya Manabii, na nadhani walioupanga walijua walichokuwa wakifanya.

Wala Biblia haikuisahau Gibea. Hosea, aliyehubiri karne nyingi baada ya nyakati za waamuzi, anaitaja mara mbili, katika 9:9 na 10:9, kama kipimo cha uovu wa taifa. Hosea huyohuyo anafanya jambo lililonishangaza zaidi nilipomsoma mara ya tatu. Katika 2 Wafalme 10:30 Yehu, mfalme wa Israeli, anasifiwa kwa kuiangamiza nyumba ya Ahabu, maangamizi yaliyomwaga damu nyingi Yezreeli. Lakini katika Hosea 1:4 Bwana anasema ataipatiliza nyumba ya Yehu kwa ajili ya damu ya Yezreeli. Wapo wanaozipatanisha kauli hizo mbili kwa ustadi mkubwa, nami zamani nilikuwa mmoja wao. Siku hizi naziacha zisimame zikitazamana. Waliokusanya Maandiko walikuwa na macho kama sisi na wangeweza kuifuta mojawapo. Vivyo hivyo Mithali zinamhakikishia mwenye haki baraka, halafu anakuja Ayubu, mwenye haki, akiwa amekaa majivuni, na katika Ayubu 42:7 wanaokaripiwa ni marafiki waliotetea fundisho lililozoeleka. Kumbukumbu la Torati 23:3 inamzuia Mmoabi kuingia katika mkutano wa Bwana, na Ruthu Mmoabi anakuwa mama wa babu yake Daudi.

Vita vya Yoshua ulivitaja kwa maneno machache, nami sitavimaliza hapa. Msomaji makini ataona kwamba Yoshua 10 inadai nchi yote ilipigwa asibakie mtu, ilhali Waamuzi 1 inaorodhesha mji baada ya mji ambao wenyeji wake hawakufukuzwa. Lugha ya namna hiyo ilikuwa ya kawaida kwa wafalme wa eneo lile: jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, la karne ya 9 kabla ya Kristo, lililopatikana mwaka 1868 katika nchi ambayo leo ni Yordani, linajigamba kwamba Israeli imeangamia milele. Hilo linasaidia kidogo. Halinisaidii kulala usingizi kila ninapoisoma Yoshua 6, na ninakushauri umwogope mwalimu atakayekuambia kwamba yeye haimsumbui. Mimi huishika Yoshua 5, ambapo Yoshua anamwona mtu mwenye upanga na kumwuliza kama yuko upande wao au wa adui zao, naye anajibu, La.

Sasa, wenzako walikuelekeza Zaburi. Ushauri huo ni mzuri kuliko walivyojua, mradi tu usizichague. Zaburi zote 150 si dawa ya kutuliza. Baada ya kumzika mama sikuweza kusoma kitu kwa muda, na iliyonifungua haikuwa ya 23 bali ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na inaishia gizani bila mstari wa kufariji. Nilishangaa kwamba kuna watu waliokubali kuiimba hekaluni. Jiwekee zaburi moja kila siku kwa mfuatano, hata siku utakayoshindwa kusoma kingine chochote.

Nimesema usiendelee kwa mwendo ule. Ifute tarehe ya kumaliza. Ukichukua miaka mitatu hakuna atakayekudai. Usisome vitabu hivi vizito ndani ya matatu, ambako kondakta anadai nauli huku redio ikipiga kelele. Huko soma Mithali, zimekatwa vipande vinavyotosha kati ya kituo na kituo. Waamuzi isome nyumbani, kwa sauti, ukiwa na mtu mmoja, hata kama ni yuleyule aliyekuambia unasoma bila Roho. Mwombe asome yeye.

Chagua pia tafsiri kwa makusudi. Ile ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tuliisikia utotoni ina utamu wa Kiunguja usiopatikana kwingine, lakini kwa masimulizi marefu Biblia Habari Njema itakupunguzia mikwamo ya msamiati, na kama una Biblia ya lugha ya mama, iweke mezani pia, maana kuna maneno ambayo hayatakuuma mpaka uyasikie kwa lugha uliyolelewa nayo. Johann Ludwig Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili kule Mombasa mwaka 1844, mwaka uleule alipomzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Biblia yetu ya Kiswahili ilianzia katika nyumba yenye matanga, na labda ndiyo maana sioni haya kuisoma nikiwa na machozi.

Unauliza kama urudi kwenye Injili. Huhitaji kuiacha ndipo uendelee. Soma Marko Jumamosi moja kwa mkao mmoja, haizidi saa mbili kwa sauti, ujue kitabu kizima kina mdundo gani. Lakini usirudi huko kama mtu anayekimbia. Yesu aliyekuwa na Torati, Manabii na Zaburi mdomoni aliisoma Biblia ileile iliyokusimamisha Barabara ya Jogoo.

Basi anza tena Waamuzi 17, si 19, ili uone jinsi mambo yalivyooza kabla ya usiku ule. Soma hadi 21, na usifunge kitabu hapo. Geuza ukurasa. Kinachofuata ni Ruthu, sura 4 tu, nacho kinajitambulisha tangu mstari wa kwanza kuwa ni cha zamani za waamuzi, na kinaanzia Bethlehemu ileile alikotoka mwanamke asiye na jina. Safari hii wanaosafiri ni wanawake wawili, na katika sura ya 2 mwenye shamba anawaagiza vijana wake wasimguse yule mgeni anayeokota masazo. Baada ya Gibea, utaelewa kwa nini agizo hilo lilihitajika kutamkwa.

Kisha utakwama tena, nikuonye mapema. Itakuwa 2 Samweli 21. Wana saba wa nyumba ya Sauli wanatundikwa, tena Gibea, na mama wa wawili kati yao anatandika gunia juu ya mwamba na kukaa hapo tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua ziliponyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku, mpaka mfalme anapopata habari na mifupa inazikwa. Huyo jina lake limeandikwa. Ni Rispa, binti Aya. Ukifika kwake, niandikie.